Kutembea Mida Creek: saa ya maji kwanza, viatu baadaye

Hori ya Mida, au Mida Creek kama mabango yote yanavyoiandika, ni mahali pepesi pa kutembea kuliko watu wanavyodhani. Hakuna kilima cha kupanda, na njia zake zote ni za saa mbili tatu. Wanaorudi wamenuna karibu wote wana kosa moja: walifika saa isiyofaa. Ama walikuta maji yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko, hakuna pa kukanyaga, ama yamekauka kabisa na ndege wanaonekana kule mbali kama punje za mchele. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, na usafiri utafuata.

Kwanza ijue hori yenyewe. Iko Kaunti ya Kilifi, Kenya, kati ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi na mji wa Watamu, na ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Upande wa magharibi, ng'ambo ya barabara kuu, unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Hori inaingia kutoka baharini kwa mlango mmoja mwembamba, kisha inatanuka ndani kuwa uwanda mpana wa mchanga na tope uliozungukwa na mikoko. Hakuna mto unaoingia humo. Maji matamu hupenya chini kwa chini kutoka ardhini, na kwa sababu hiyo maji ya Mida hayana ule wekundu wa Mto Sabaki unaouona Malindi wakati wa mvua.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa mwezi

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikiwa mita 3 na zaidi, na bamvua kali hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hubaki kama mita moja tu.

Jambo la kushika kichwani katika pwani hii ni kwamba siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Haibadiliki mwaka mzima. Kutoka hapo unaweza kukadiria siku yoyote bila intaneti. Hesabu siku tangu mwezi uandame, zidisha kwa dakika 50, ongeza kwenye saa kumi. Tuseme leo ni mwezi tano, yaani siku ya tano tangu mwandamo. Tano mara 50 ni dakika 250, yaani saa nne na dakika kumi. Maji yatajaa kama saa mbili na dakika kumi usiku, na kupwa kwake kutakuwa saa sita na robo kabla ya hapo, karibu saa nane mchana. Mwezi ukipita kumi na tano, toa kumi na tano kwanza, halafu fanya hesabu ile ile. Ni makadirio, yanaweza kupishana na jedwali kwa nusu saa au zaidi, lakini yanatosha kukuzuia kupanga safari siku isiyo yake.

Ukishachagua siku, thibitisha kwa jedwali. Linalopatikana kirahisi ni la bandari ya Kilindini, Mombasa. Kuna mitego mitatu ndani yake. Kwanza, jedwali huandika saa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 1600 ni saa kumi jioni, si vinginevyo. Pili, baadhi ya majedwali ya mtandaoni hutumia saa za dunia (UTC), na hapo lazima uongeze saa tatu. Tatu, jedwali linasema habari za bahari ya wazi. Ndani ya hori maji huchelewa kwa sababu yote yanabanana kwenye mlango mmoja, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo yanavyochelewa zaidi. Usitegemee ucheleweshaji huo ukuokoe: kwa kuingia uwandani ongeza nusu saa kwenye jedwali, kwa kutoka usiongeze hata dakika.

Sasa amua unataka nini, maana siku ya ndege na siku ya kutembea uwandani si moja.

Kwa ndege, unataka maji yanayojaa, yakiwa nusu njia, na jua likiwa mgongoni. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika uwanda mzima wakitafuta riziki. Yakianza kujaa huwasukuma kidogo kidogo kuelekea ukingoni, karibu na kibanda cha kutazamia. Yakijaa tele huruka na kwenda kupumzika kwingine. Jioni jua huwa upande wa barabara kuu, nyuma yako ukiwa kibandani, na rangi za ndege hutoka vizuri. Changanya mambo hayo mawili na utaona siku bora ni mwezi nne hadi sita, na tena mwezi kumi na tisa hadi ishirini na moja: maji hupwa kati ya saa saba na saa tisa mchana, kisha hujaa polepole jioni yote.

Kwa kutembea uwandani kwa miguu, chagua bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwandamo au baada ya mwezi mpevu. Maji huwa yamekauka kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi, na mwanga unatosha kuona unapokanyaga.

Majira nayo yana uzito. Ndege wahamaji wanaanza kuonekana Agosti na Septemba na huondoka kufikia Aprili; wanaobaki katikati ya mwaka ni wachache, wengi wao vijana ambao hawajafika umri wa kuzaa. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, vijia vya kutoka barabarani hugeuka utelezi na mbu huongezeka. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo raha yake.

Hatua ya pili: vaa na ufungashe

Viatu ndivyo vinavyoharibu siku. Ndara hazifai hata kidogo: tope hunyonya kisigino, kamba inakatika, na unamaliza safari peku juu ya chaza. Chaza hao hushika kwenye mizizi ya mikoko na kwenye mawe, na makali yao hupasua nyayo vibaya. Buti za mpira nazo ni mtego, kwani zikijaa maji huwezi kuzivua ukiwa umesimama. Vaa raba za zamani za kufunga kamba, na soksi ndani yake ili mchanga usikuchubue. Kwa njia ya mbao peke yake, kiatu chochote chenye soli isiyoteleza kinatosha.

Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, kwa sababu uwandani hakuna kivuli wala duka. Kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, dawa ya mbu kama utakaa hadi magharibi. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaozibika. Beba pia chupa ndogo ya maji safi na dawa ya kuoshea jeraha: mkwaruzo wa chaza ukiachwa na tope lake hutunga usaha haraka. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha kibandani. Isiyo na ukuzaji mkubwa ni bora kuliko ile kubwa inayotikisika mkononi.

Hatua ya tatu: fika

Ukitokea Mombasa, panda matatu ya Malindi. Ni kama kilomita 100, kupitia Mtwapa na Kilifi. Mwambie utingo mapema kwamba unashuka Mida Creek, kabla ya kufika njia panda ya Gede, ukinyamaza utapitilizwa. Ukitokea Malindi, shuka Gede kisha chukua bodaboda au tuktuk kurudi kusini. Kutoka barabara kuu hadi majini ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa upande wa Dabaso, ambao ni njia ya tatu hapa chini, ingia kwa barabara ya Gede–Watamu.

Panga kufika langoni saa moja kabla ya saa unayoihitaji. Kuna malipo ya kiingilio, na malipo ya mwongozaji ni mbali. Uliza bei zote mbili kabla ya kuanza, na beba noti ndogo kwa sababu chenji ni shida na mtandao wa simu unaweza kukatika. Mpango wa ASSETS, unaosimamiwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, hutumia mapato ya utalii wa hapa kulipia karo za sekondari watoto wa vijiji vinavyopakana na hori na msitu, kwa hiyo risiti yako ina kazi.

Njia ya kwanza: daraja la mbao hadi kibandani

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Njia ya mbao inayoning'inia kwa mita mia mbili na ushei inakata katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege, ukingoni mwa uwanda. Kwenda bila kusimama ni dakika kumi. Usifanye hivyo, tenga saa nzima kabla ya kufika kibandani.

Namna ya kuvuka: mtu mmoja mmoja, mkiachana hatua nne au tano, kwa sababu wawili wakikanyaga kwa mdundo mmoja njia nzima huyumba. Kanyaga mbao pale zilipopigiliwa misumari, si katikati ya pengo. Maji ya chumvi hula misumari kabla ya kula mbao, na ubao unaoonekana mzima unaweza kuwa umeshikwa na kutu tupu. Ujaribu kwa ncha ya mguu kabla ya kuuelemea. Mbao hizi hutengenezwa na kuharibika tena, hivyo ukiambiwa langoni kipande fulani kimefungwa, usibishane. Mtoto mdogo ashikwe mkono. Kiti cha magurudumu hakipiti.

Humu ndimo mahali pa kujifunza mikoko, na inafaa kwenda taratibu. Mti wenye mizizi ya upinde iliyotoka shinani na kujikita topeni ni mkoko wenyewe. Mbegu yake huota ingali mtini na kuning'inia kama fimbo ya kijani, mara nyingi nusu mita au zaidi, ndipo ianguke. Ikikuta tope inajichoma na kuanza maisha. Ikikuta maji inaelea na kwenda zake. Muia mizizi yake hujikunja juu ya tope kama goti. Mkandaa ni mfupi, hukaa juu zaidi ambako maji hayafiki kila siku, na gome lake lilitumika tangu zamani kutia ngozi na nyavu rangi. Mlilana hupenda upande wa bahari, na mizizi yake ya kupumulia ni minene, imechongoka. Mchu huchomoza vijiti vyembamba vilivyosimama wima kwa mamia. Chuma jani moja la mchu siku ya jua na ulambe mgongo wake: utaikuta chumvi. Mti unafyonza maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Ukiona tunda la mviringo, kubwa kuliko chungwa, la rangi ya kahawia, huo ni mkomafi.

Simama mahali pamoja bila kutikisika kwa dakika mbili tatu, utazame tope lililo chini yako. Kaa wadogo waliojificha uliposogea watatoka mmoja mmoja. Madume wana gando moja kubwa kupita kiasi na huanza kulipungia majike. Kando yao kuna tondo wenye makombe marefu yaliyochongoka wakila majani yaliyooza, na visamaki vya macho ya juu vinavyoruka topeni kwa mapezi. Watu wengi hupita hapa wakitazama mbele na kuviona vyote hivyo si kitu.

Kibandani kaa kimya. Anayetafutwa na wageni wote ni mla kaa, Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene uliokazwa kwa ajili ya kuvunja kaa. Huyu hazalii hapa. Huzalia mchangani pande za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa ufukweni. Chunguza makundi yao kuanzia Septemba: utamwona kinda wa kijivujivu akimfuata mkubwa na kulialia alishwe, ingawa amekwisha kuruka safari nzima kutoka huko. Pamoja nao kuna sululu wenye mdomo uliopinda chini, vitwitwi wa aina nyingi, yangeyange, na mara nyingine heroe.

Njia ya pili: uwandani maji yakiwa makavu

Hapa chukua mwongozaji. Si kwa sababu ya umbali, ambao ni kilomita mbili au tatu kwenda na kurudi, bali kwa sababu ya vijito vya ndani.

Kanuni ya kukadiria ni hii. Maji huchukua kama saa sita kujaa. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu sehemu tatu, ya nne tatu tena, ya tano mbili, ya sita moja. Siku ambayo tofauti ni mita 3.6, hiyo ni sentimita 30, halafu 60, halafu 90 na 90 nyingine. Saa ya kwanza inadanganya. Mtu anaona maji hayana haraka. Saa ya tatu yanapanda sentimita moja na nusu kila dakika, na kwenye ardhi tambarare hiyo ni hatua nyingi za ukingo kupotea kwa mara moja. Baya zaidi, hayaji kutoka mbele yako tu. Yanaingia kwanza kwenye vijito, na baadhi ya vijito viko kati yako na ufuko uliotoka.

Basi ingia maji yakiwa bado yanapwa, ugeuke yakiwa makavu kabisa. Kama kupwa ni saa nne asubuhi, anza saa mbili na nusu, saa nne geuka popote ulipofika, na saa tano na nusu uwe umekwisha kutoka. Kijito ulichovuka maji yakiwa chini ya goti, kitie alama kwa mti wa ng'ambo ili ukirudi uvukie pale pale.

Kanyaga penye mchanga wenye mikunjo au penye majani bahari. Tope linalong'aa, laini, lisilo na mashimo ya kaa, lipite kando. Usitembee juu ya mizizi ya kupumulia: ikivunjika mti unakosa hewa, na vijiti vya mchu hutoboa soli nyembamba. Kwenye maji ya kina kidogo buruta miguu badala ya kuinyanyua. Samaki aitwaye taa akilala mchangani atasikia mtikisiko na kuondoka, lakini ukimkanyaga mgongoni atakuchoma kwa mwiba wa mkia. Akikuchoma, loweka mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali.

Ukizama hadi magotini, usivute mguu kwenda juu kwa nguvu. Kila unapovuta mmoja, mwingine unazama zaidi. Inama mbele, weka mikono na magoti topeni, zungusha kisigino polepole hadi hewa na maji viingie pembeni ya kiatu, ndipo uutoe kwa kuurudisha nyuma. Kisha tambaa urudi ulikotoka. Mwenzako asije kukushika mkono akiwa amesimama pale pale. Akunyoshee fimbo au kanga akiwa penye mchanga.

Utakutana na watu kazini: wachimba chambo, wavuvi wa kaa, akina mama wanaookota. Wasalimu kwanza, na picha iombwe. Mitego na mashimo yaliyotiwa alama ya kijiti yana wenyewe.

Njia ya tatu: Dabaso

Hii ni ya wenye wazee, watoto au muda mfupi. Kikundi cha jamii cha Dabaso kina njia yake ya mbao juu ya mikoko na mgahawa wa kaa mwishoni, maarufu kwa jina la Crab Shack. Hapa maji yaliyojaa ndiyo mazuri, kwani unakaa juu yake na mitumbwi inaweza kukupitisha kati ya mikoko. Ukitaka mtumbwi, fika saa moja kabla ya maji kujaa. Yakianza kupwa, vichochoro vya ndani hukauka upesi na mtarudi mkisukuma.

Watu hujaa wakati wa machweo mwishoni mwa juma, na kaa huchukua muda kupikwa. Agiza ukifika, utembee, urudi kula. Kabla ya kuagiza pia panga bodaboda ya kukurudisha Gede, kwa sababu baada ya magharibi za kusimamisha njiani hupungua na bei hupanda.

Raba zisuuzwe kwa maji matamu usiku huo huo na kuanikwa kivulini. Tope la mikoko likikaukia ndani, harufu yake haitoki tena.